Askari wa Sura ya Tatu

Katika riwaya nyingi za mapanga na majoka, askari wa ikulu wana kazi moja tu. Ikifika sura ya tatu hivi, wanavamia chumba alimo shujaa, wanamkabili mmoja mmoja kwa zamu, na kwa zamu hiyo hiyo wanauawa. Hakuna anayewauliza kama wanataka. Hawana majina, hawana wake, hawana madeni dukani, na wakishaanguka hadithi haiwataji tena. Mwaka 1989 mwandishi Mwingereza Terry Pratchett alitoa riwaya iitwayo Guards! Guards!, na kwenye ukurasa wa kutabaruku akawatunukia kitabu askari hao hao wa sura ya tatu. Kisha akaandika riwaya nzima ambayo wenye hadithi ni wao.

Niliusoma ukurasa huo nimesimama juani, mbele ya meza ya muuza vitabu vya mitumba, nikalipa kabla ya kufungua wa pili. Tangu siku ile nimesoma riwaya nyingi za fantasia za kuchekesha, na nikiulizwa nazipendea nini, jibu langu huanzia hapo. Wengi hutegemea niseme zinapumzisha akili baada ya kazi. Ni kweli zinapumzisha, lakini hata usingizi unapumzisha. Mimi nazipenda kwa kuwa huu ndio upande wa hadithi za ajabu unaomkumbuka mtu mdogo. Fantasia nzito inapenda mno damu ya kifalme. Kijana mchunga mbuzi anakuja kugundua kwamba baba yake alikuwa mfalme, ana alama begani, upanga unamtambua, na dunia nzima ilikuwa imekaa ikimngoja yeye. Sisi tusio na alama begani tunatokea katika hadithi hizo kama umati wa kushangilia, au kama maiti. Kicheko kinaupindua mpangilio huo, kwa sababu mtu hachekeshi mpaka awe na mwili, njaa, mshahara, na mwenzake nyumbani wa kumweleza alikochelewa.

Jiji la Pratchett linaitwa Ankh-Morpork. Liko kwenye dunia bapa ya mviringo iliyobebwa na tembo wanne, na tembo hao wamesimama juu ya gamba la kobe mkubwa anayeogelea angani. Ukisikia hivyo utadhani humo kila kitu kinaruhusiwa. Kumbe dunia ile ina kanuni kali kuliko riwaya nyingi zinazojiita za maisha halisi. Wizi ni halali, lakini una chama chake. Chama kina kiwango cha wizi wa mwaka ambacho hakipaswi kuzidi, na aliyeibiwa anaandikiwa risiti. Halafu anakuja kijana anayeitwa Carrot, binadamu mrefu aliyelelewa na mbilikimo migodini, ambaye njiani amezisoma sheria za jiji na akaziamini zote. Anajiunga na askari wa zamu ya usiku, na bila kuchelewa anamkamata mkuu wa chama cha wezi kwa kosa la wizi. Wenzake wanapigwa na butwaa. Kapteni wao, Sam Vimes, mlevi aliyekwisha kata tamaa na kazi, inambidi alitazame upya jambo ambalo jiji zima lilikwisha kulizoea.

Kuna sehemu katika kitabu hicho ambayo nimewasimulia watu wengi, na sijapata kuichoka. Joka limelitwaa jiji. Askari watatu wanapanda juu ya paa na upinde mmoja. Wamesikia katika hadithi zote kwamba nafasi ya moja kwa milioni hufanikiwa mara tisa katika kumi, na hiyo ndiyo tegemeo lao. Ghafla wasiwasi unawaingia: itakuwaje kama nafasi yao si moja kwa milioni kamili? Labda ni moja kwa laki tisa na kitu. Nani aliyewahi kusikia moja kwa laki tisa ikifanikiwa? Basi wanaanza kuirekebisha. Mpiga mshale anasimama kwa mguu mmoja, uso umepakwa masizi, anaimba, ili jambo liwe gumu kiasi kinachotakiwa, wala lisizidi wala lisipungue. Anafyatua. Anakosa. Joka linawageukia, mahali walipo panalipuka, na wote wanatoka wazima, kwa sababu nafasi ya kupona mlipuko ule ilikuwa moja kwa milioni kamili.

Nimesoma waandishi wengi wanaojaribu jambo hili wakashindwa, na nadhani najua wanapokosea. Wanaicheka fantasia kutoka nje. Wanakukonyeza, kama kusema kwamba wao na wewe mnajua majoka ni upuuzi. Pratchett anaingia ndani na kufunga mlango. Anachukua uongo ambao sisi wasomaji tumeukubali miaka yote, anaufanya kanuni ya dunia, na anaufuata kwa uaminifu mpaka mwisho wake. Na wale askari watatu hawadharau hata kidogo. Wamepanda juu ya paa kukabiliana na joka wakiwa na mshale mmoja, wakati watu wenye vyeo wamejifungia ndani. Ninacheka huku moyo unanidunda kwa ajili yao.

Ufundi huo sisi tunaujua. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Akaazima tena, safari hii hakurudisha: sufuria imekufa. Jirani akalalamika kwamba sufuria haifi. Ndiyo hivyo, ukikubali inazaa umekwisha kukubali inakufa. Hakuna muujiza wowote katika hadithi ile, ila mantiki iliyoachiwa ijiendee, na mwenye tamaa ananaswa na neno alilolikubali mwenyewe kwa furaha. Mtoto wa miaka saba anaicheka, na wakili anaicheka kwa sababu nyingine.

Au chukua hadithi ya Sultani Majinuni, mojawapo ya zile alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Paka wa sultani anakula mifugo. Watu wanakwenda kushtaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anapanda daraja, anakula mifugo mikubwa zaidi, na jibu ni lile lile. Siku inafika paka anakula watu, na sultani bado hajaona neno, mpaka waliwe wanawe wa kuwazaa. Ndipo anapotambua kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Nisome riwaya ngapi za siasa kabla ya kukuta picha ya mtawala iliyokamilika namna hiyo? Kisha anatoka mwana mdogo, yule asiyehesabiwa, kwenda kumwinda nunda. Anaua mnyama, anamleta kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda mla watu, na mama anamwimbia kwamba mwanangu, siye huyo. Anarudi porini. Analeta mkubwa zaidi. Siye. Analeta mkubwa kuliko huyo. Siye. Bibi aliyekuwa akitusimulia alikuwa akiuimba ule wimbo, anaushusha sauti kila mnyama anapoongezeka ukubwa, nasi tunaitikia huku tukijishika mbavu na hofu imetujaa. Kicheko na hofu vilikuwa vinakaa katika wimbo mmoja, na hakuna mtu mzima aliyetuambia tuvitenganishe.

Tulipoanza kuandika vitabu, tulivitenganisha wenyewe. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iliyo angani, na Adili na Nduguze mwaka uliofuata, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Maajabu yamo tele, na Kiswahili chake sijakiona mfano. Lakini kicheko kinachungulia dirishani tu, kwa adabu. Mwandishi ana mzigo wa kutufunza na hauweki chini. Baada yake shule zikakamilisha kazi. Tulifundishwa kuitafuta dhamira na ujumbe katika kila ukurasa, na kitabu kinachochekesha kikaonekana hakina uzito wa kutosha kuingia mtihani. Leo mtu akiandika hadithi ya jini anayetafuta chumba cha kupanga, mchapishaji atamwuliza ni ya darasa la ngapi. Hilo linaniuma. Hekaya za Abunuwasi hazikuwa za watoto. Zilisimuliwa barazani, na watu wazima, kwa watu wazima, watoto wakiibia usikivu.

Narudi kwa Pratchett, maana nataka kueleza alikoutoa ule uzito. Alizaliwa mwaka 1948 Beaconsfield, Uingereza, na mwaka 1965, akiwa na miaka 17, aliacha shule akaajiriwa na gazeti la mtaani kwao, Bucks Free Press. Alisimulia mwenyewe kwamba maiti ya kwanza aliiona saa chache tu baada ya kuanza kazi. Baadaye akawa afisa habari wa shirika la umeme, akishughulikia vituo vya nyuklia, na hakuiacha kazi hiyo mpaka mwaka 1987, miaka minne baada ya kutoka kitabu cha kwanza cha Discworld, mfululizo wa riwaya za dunia ile bapa. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu aliyekaa mnarani akiota. Alikaa mahakamani akiandika kesi, akasikiliza vikao vya madiwani, akajua bei ya vitu na uongo wa wakubwa. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mazimwi yake yana ajira.

Unaelewa pia vile viatu. Katika Men at Arms ya mwaka 1993, Vimes anafikiri kwa nini matajiri ni matajiri. Yeye analipwa dola 38 kwa mwezi. Viatu vizuri vya ngozi ni dola 50. Viatu vya kawaida ni dola 10, vinakwenda msimu mmoja au miwili, kisha vinavuja. Mwenye dola 50 ananunua jozi moja na miaka kumi baadaye miguu yake bado mikavu. Asiyekuwa nazo, katika miaka hiyo hiyo kumi, ametumia dola 100 kwa viatu vya bei rahisi, na miguu bado imelowa. Hakuna mzaha katika hesabu hiyo, ila imewekwa kichwani mwa kapteni anayetembea doria usiku na soli nyembamba, naye kwa wembamba wa soli anajua yuko mtaa gani gizani.

Mtu yeyote aliyeishi uswahilini anaijua hesabu hiyo mwilini. Anayenunua mkaa kwa kopo analipa zaidi kuliko anayenunua gunia, na anayenunua gunia ndiye mwenye pesa. Mafuta ya kula ya kupimiwa, sukari ya robo, sabuni ya kipande: maskini ananunua ghali kwa kuwa hana ya kununulia rahisi. Nimesoma makala za uchumi zinazolieleza jambo hili kwa majedwali, na sikumbuki hata moja. Viatu vya Vimes sitavisahau. Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2022, Uingereza ilipobanwa na bei za vyakula, mwanaharakati Jack Monroe alianzisha kipimo cha kufuatilia bei za vitu vya maskini madukani, akakipa jina la viatu vya Vimes kwa idhini ya familia ya Pratchett. Askari wa kubuni, katika jiji lililo juu ya mgongo wa kobe, akawa jina la kipimo cha bei ya mchele.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, na linahusu wachawi.

The Wee Free Men, ya mwaka 2003, ni hadithi ya Tiffany Aching, msichana wa miaka tisa katika nchi ya wafuga kondoo. Siku moja zimwi la majini linatoka mtoni alipo na mdogo wake. Linaonekana kitambo tu, kisha linatoweka. Tiffany hapigi kelele. Anakwenda nyumbani, anafungua kitabu cha hadithi, anasoma kwamba zimwi hilo lina macho makubwa kama sahani za supu. Halafu anachukua sahani ya supu na kuipima. Inchi nane. Sawa, sasa anajua anapambana na nini. Anachukua kikaango, anamweka mdogo wake ukingoni na peremende kama chambo, na zimwi linapojitokeza analitwanga usoni. Nilipowasomea wapwa zangu sehemu hii, nikifasiri papo hapo, mdogo wao aliinuka kimya kwenda jikoni kutafuta sahani. Mtoto aliyefundishwa kupima sahani ya supu hatatishwa kirahisi na maneno ya watu, na sijui somo la sayansi linaloweza kuanza vizuri kuliko hapo.

Baadaye Tiffany anaulizwa kwa nini anataka kuwa mchawi. Jibu lake lina bibi kizee ndani yake, Bibi Snapperly. Aliishi peke yake, hakuwa na meno, alizungumza peke yake, alikuwa na paka. Mtoto wa bwana mkubwa wa nchi alipopotea, watu walikumbuka kwamba katika vitabu vya hadithi wachawi huwa hivyo. Wakamchomea kibanda. Wakamuua paka. Akafukuzwa, hakuna aliyethubutu kumpokea, na majira ya baridi yalipofika akafia kwenye theluji. Yule mtoto hakuwa ameliwa na mtu. Tiffany anasema hilo halitatokea tena maadamu yeye yupo, na njia aliyoiona ya kulizuia ni kuwa mchawi yeye mwenyewe, ili neno hilo liwe na mtu mwenye nguvu nyuma yake.

Msomaji wa Uingereza anaweza kuzisoma kurasa hizo kama mambo ya karne zilizopita. Mimi siwezi. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyowekundishwa na miaka ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo katika ripoti zake za mwaka. Kila mara nikisoma habari hizo gazetini, naona namna hadithi ilivyofanya kazi yake: kuna picha ya mchawi ambayo kila mtu anayo kichwani, na bibi fulani, kwa umri wake na upweke wake, amefanana na picha. Alifanana tu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vitabu vya wachawi ni hatari kwa watoto wetu. Hatari ni kuwa na picha moja ya mchawi. Wachawi wa Pratchett ni wakunga. Wanazalisha, wanafunga vidonda, wanakesha na wanaokufa, wanawakata kucha wazee wasio na mtu, na uchawi wenyewe wanautumia kwa nadra kwa kuwa kazi nyingi hazihitaji. Mpwa wangu wa kike aliniuliza usiku ule kama Bibi Snapperly hakuwa na watoto wa kumtetea. Nikamwambia hakuwa nao. Akasema, mjomba, basi ilikuwa kazi ya majirani.

Na kurasa chache tu baada ya hapo tulikuwa tunacheka tena, kwa sababu ya watu wadogo wa rangi ya buluu, urefu wa inchi sita, wapiganaji wasiomhofu mfalme wala shetani, ambao kitu pekee kinachowatetemesha duniani ni wanasheria. Watu huniuliza kama kicheko kile hakiharibu uzito wa kifo cha yule bibi. Naona kinyume chake. Kitabu cha huzuni tupu wapwa zangu wasingeniruhusu nikimalize. Walimkubali Bibi Snapperly kwa sababu waliokuwa wakimsimulia walikuwa wamekwisha kuwa rafiki zao.

Nchini kwetu hakuna mtu anayepaswa kushangaa kuona kicheko na kifo mahali pamoja. Tuna utani. Nimeshuhudia mazishi ya Mzaramo ambapo watani wa Kinyamwezi walishuka kaburini wakakataa kutoka mpaka walipwe, wakimwita marehemu kwa madeni yake, wakiigiza namna alivyokuwa akitembea, na mjane aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi akanyanyua, akacheka, kisha akalia vizuri. Hakuna mchungaji wala shehe aliyefanya siku ile kazi kubwa kuliko watani wale.

Pratchett alimfanya Mauti mwenyewe kuwa mhusika. Katika Mort, ya mwaka 1987, Mauti anaajiri kijana wa kumsaidia kazi, kisha anakwenda kutafuta maisha. Anapenda paka. Anasema kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu, kwa hiyo unaisikia sauti yake hata ukisoma kimya. Anakwenda kwa wakala wa ajira, anaulizwa ana ujuzi gani, na baada ya kufikiri anasema ana uzoefu kiasi wa zana za kilimo. Anapata kazi ya upishi kwenye mgahawa, na kwa mara ya kwanza anakuwa na furaha. Si mkatili. Hana chuki na mtu. Anafika kwa kila mmoja, tajiri na fukara, kwa adabu ile ile. Pratchett aliwahi kuandika kwamba alikuwa akipokea barua kutoka kwa wasomaji waliokuwa karibu kufa, wakimwambia wanatumaini Mauti atakuwa kama yule wake. Barua hizo zilimfanya akae akitazama ukuta. Ningependa mhakiki anayeziita riwaya hizi nyepesi aniambie ni riwaya gani nzito iliyopata barua za namna hiyo.

Mwezi Desemba 2007 alitangaza kwamba ana Alzheimer ya namna adimu, inayoshambulia sehemu ya nyuma ya ubongo. Mikono ikaanza kukataa kuchapa. Mwaka uliofuata alitoa dola milioni moja kwa utafiti wa ugonjwa huo, na aliendelea kuandika kwa kuisomea kompyuta maneno, msaidizi wake akiwa kando. Miongoni mwa vitabu vya kipindi hicho ni I Shall Wear Midnight ya mwaka 2010, ambamo Tiffany aliyekua anakutana tena na chuki ile ile dhidi ya wachawi. Alifariki tarehe 12 Machi 2015. Kitabu cha mwisho, cha 41 katika mfululizo, The Shepherd's Crown, kilitoka miezi michache baadaye. Ndani yake mchawi mkuu, Granny Weatherwax, anajua siku yake imefika. Anasafisha nyumba, anasafisha na choo, anasuka mwenyewe kapu la kuzikiwa. Katika vitabu vya nyuma, kila roho yake ilipotoka mwilini kutembea ndani ya wanyama, alikuwa akijiwekea kadi kifuani ya kuwaambia watu kwamba hajafa. Safari hii kadi inasema kwamba pengine amekufa. Nilicheka kwa sauti kwenye ukurasa huo, na ukurasa wa pili sikuuona vizuri.

Pratchett si peke yake katika uwanja huu. Diana Wynne Jones, katika Howl's Moving Castle ya mwaka 1986, alimchukua binti wa kwanza katika watatu, yule ambaye katika hadithi za kale hushindwa ili kitinda mimba apate kushinda, akampa hadithi yote. Sophie anaamini kabisa kwamba hana bahati kwa kuwa ni wa kwanza. Anageuzwa kikongwe, na katika uzee huo anapata ujasiri wa kusema mambo ambayo msichana hakuthubutu kuyasema. Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto wengi, na kitabu hicho nimekigawa kwa dada wakubwa kadhaa ninaowafahamu.

Miaka ya karibuni imekuja namna nyingine, ya fantasia tulivu. Legends & Lattes ya Travis Baldree, iliyotoka mwaka 2022, inamhusu mpiganaji wa kike aliyechoka na mapanga, anayefungua mgahawa wa kahawa katika mji usiojua kahawa ni nini. Nilikifurahia, hasa zile kurasa za kupiga rangi na kujenga meza. Vingi vilivyofuata mkondo huo vinanishinda. Vina keki nyingi na wema mwingi, na hakuna mtu mwenye soli inayovuja. Wema usiogharimu kitu hauchukui muda kunichosha, na mwandishi asipothubutu kumtia mhusika wake baridi, hata chai anayompa haina ladha.

Anayetaka kuanza na Pratchett, asianze na kitabu cha kwanza cha mwaka 1983. Pale bado alikuwa anawacheka waandishi wengine kuliko kuwajali watu wake. Aanze na Guards! Guards!, au Mort kama anapenda kitabu kifupi. Mwenye watoto nyumbani aanze na Tiffany, asome kwa sauti, na asiogope kufasiri njiani. Wale watu wa buluu wanazungumza Kiingereza cha Kiskoti kilichovurugwa, na mimi nimewapa Kiswahili cha mabaharia wa Pemba, kinawakaa. Ningefurahi sana kuona mfasiri hodari akiifanya kazi hiyo kwa ukamilifu na mchapishaji akaipa jalada zuri. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitupa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri mpya ya kitabu cha Mwingereza Lewis Carroll chenye michezo ya maneno kila mstari, kwa hiyo hakuna wa kuniambia kwamba haiwezekani. Wapwa zangu wamekwisha kudai kitabu cha pili cha Tiffany, nami Ijumaa hii naanza kuwasomea.